Ncha Zilizotoa Salamu Upande Mmoja

Kibao kilitangulia kiwanda. Bwanausi, mhunzi wa Bagamoyo, alikipaka rangi kwa mkono wake, kwa herufi alizojifunza ukubwani kwenye darasa la jioni, akakitundika juu ya kibanda chake cha makuti: KIWANDA CHA BWANAUSI. NCHA BORA ZA KEEKEE ZA MASHINE. Siku hiyo alikuwa hajatengeneza hata ncha moja ya mashine. Kiwanda chenyewe kilikuwa fuawe moja ya kufulia chuma aliyorithi kwa baba yake, mivukuto ya ngozi ya mbuzi, mke mmoja wa kuivukuta, na kuku aliyependa kutagia kwenye majivu yaliyopoa. Bwanausi alirudi nyuma hatua kadhaa, akakisoma kibao kwa sauti, akamshukuru Mola kwa neema ya kiwanda.

Marehemu baba yake alikuwa akifua ncha za keekee, chombo cha kutobolea mbao, tangu miaka ya ishirini, akiwauzia mafundi wa mashua na wa milango. Keekee ile ya zamani ilizungushwa kwa uta: fundi akivuta, ncha inazunguka kulia, akisukuma, inazunguka kushoto. Kwa hiyo ncha ilifuliwa bapa kama jani, yenye makali pande zote mbili, ikaula mti kwenda na kurudi. Bwanausi alirithi kazi hiyo na wateja wake, na kwa miaka mingi hakuwa na la kumwomba Mungu zaidi ya makaa makavu.

Kisha, mwaka wa hamsini na tatu, Fundi Mwinshehe, seremala mwenye karakana kubwa karibu na soko, akaleta mashine ya kutobolea kwa umeme, na injini ya mafuta ya kuiendesha. Watu walikwenda kuitazama kama wanavyokwenda kumtazama bibi arusi. Baada ya miezi michache mafundi wa milango walianza kupeleka mbao zao kwa Mwinshehe, na uta wakawaachia watoto wachezee. Kwa Bwanausi alibaki kuku.

Hapo ndipo alipotundika kile kibao, tena akafanya jambo ambalo hakuna aliyemwomba alifanye. Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa Ramadhani, watu wakiwa bado wamekaa barazani pa msikiti, alisimama na kuweka nadhiri.

"Inshallah," alisema, "kabla ya Idd mashine ya Mwinshehe itatoboa kwa ncha zangu. Isipozikubali, nauza fuawe ya baba na kuhamia Fukayosi, nikalime mihogo kwa shemeji yangu."

Alikuwa ametaka kusema sentensi ya kwanza tu. Ya pili ilitoka yenyewe, kwa utamu wa kusikilizwa.

Sihaba, mkewe, alizipata habari kabla yeye mwenyewe hajafika nyumbani.

"Fukayosi?" alimuuliza kutoka jikoni. "Bwana, wajua mimi nilivyotoka Fukayosi? Nililinda mihogo ya baba na ngedere tangu nikiwa na meno ya utoto. Nikasema, akija mume yeyote asiye na shamba, namkubali. Ukaja wewe na moshi wako. Nikaushukuru moshi. Leo wanirudisha kwa ngedere?"

"Haitafika huko, Mama. Nimemwachia Mungu."

"Mungu hukumwachia. Umempa tarehe."

Bwanausi akakumbuka kuwa mwenye kufunga hagombani, akatoka nje kuhesabu makaa. Kwa ndani alijua kwamba hata asingekuwa amefunga angetoka.

Kesho yake alikwenda karakanani. Fundi Mwinshehe alikuwa mtu mpole mwenye kucheka kwa tumbo. Alichomoa ncha kwenye mashine, akampa aitazame. Haikuwa bapa. Ilikuwa imesokotwa kama kamba, na mfereji ulipanda kuizunguka toka chini hadi juu.

"Chukua hii iliyovunjika uende nayo," alisema Mwinshehe. "Uilaze kando ya fuawe uifuatishe."

"Ahsante, fundi. Mimi nikishaona nimeona. Kufuatisha ni kazi ya washona kanzu."

Ukweli ni kwamba alikuwa ameshaona jambo lililomsumbua. Mhunzi akitazama chuma kilichosokotwa hujua mkono uliosokota ulikwenda wapi, na mkono uliosokota ncha ile ulikwenda kushoto. Bwanausi alisikitika. Mashine yenyewe, aliiona kwa macho yake, ilizunguka kulia, kwa adabu, kama anayetoa salamu mwisho wa sala. Basi mbona chuma kimesokotwa kushoto? Alifikiri njia nzima kurudi nyumbani. Kula ni kwa kulia. Kuvaa ni kuanza na kulia. Kuingia msikitini ni mguu wa kulia. Waliotengeneza ncha ile, maskini, hawakuwa na wa kuwafundisha. Akaamua kuwasahihishia.

Chuma alikuwa nacho, springi za malori yaliyofia njia ya Chalinze. Alizikata, akazifua bapa, kisha ikaja kazi ya kusokota. Sihaba alibana mwisho mmoja kwa koleo juu ya fuawe, naye Bwanausi akashika mwisho wa juu, akasema Bismillahi, akausokota kulia.

Sihaba alikuwa mtu wa kusuka kamba na mikeka, na mikono yake ikashtuka.

"Bwana, ya Mwinshehe ulisema ilikwenda hivi?"

"Ya Mwinshehe ilikosewa."

"Na mashine inatoboa kwa iliyokosewa?"

"Inatoboa kwa taabu. Hujaisikia inavyolia?"

Alisokota ncha kumi na mbili. Alitaka ziwe kumi na tatu, kwa kuwa hesabu ya witri, isiyogawika kwa mbili, inapendeza zaidi, lakini kipande cha springi kilichobaki akakiweka akiba. Kila ncha aliisomea dua. Akazipanga juu ya kitambaa cheupe, zikang'aa, na kwa siku nzima kila aliyepita aliitwa kuja kuziona.

Wakati huo shemeji yake, Hija, mdogo wake Sihaba, alikuwa amezipata habari za nadhiri huko Fukayosi. Alikuja kwa mguu, amechukua begani jembe la mkia na mpini mpya wa mti mgumu usiotobolewa bado, maana jembe la namna hiyo mkia wake huingizwa kwenye tundu la mpini.

"Shikamoo, shemeji," alisema Hija, akauegemeza mzigo wake ukutani. "Nimekuletea jembe lako."

"Marahaba. Jembe langu la nini?"

"Nimesikia umemwahidi Mungu. Mimi ni nani nimcheleweshe Mungu? Mpini sijautoboa, nimesema shemeji ana kiwanda, atautoboa mwenyewe."

Sihaba alicheka hadi akaketi chini. Bwanausi naye alijitahidi kucheka, lakini jembe lile lilimtazama.

Siku ya majaribio karakana ilijaa. Zilikuwa zimebaki siku chache Idd ifike. Bwanausi alivaa kanzu, jambo ambalo hakuna mhunzi aliyewahi kulifanya kazini, akaomba ruhusa ya kusoma dua kwanza. Dua ikawa ndefu. Aliwaombea mafundi, mashine, injini, mafuta ya injini, na wote watakaotoboa kwa ncha zake vizazi na vizazi.

"Amina," alisema Mwinshehe, akidhani imekwisha. Haikuwa imekwisha.

Mwishowe ncha ikafungwa, mashine ikawashwa, ikashushwa juu ya ubao wa mninga. Ikazunguka vizuri sana. Haikuingia. Mwinshehe akakandamiza. Ubao ukaanza kung'aa pale ncha ilipousugua, kisha ukawa mweusi, kisha ukatoa moshi.

"Bado," alisema Bwanausi. "Inapasha moto."

"Bwana Bwanausi," alisema Mwinshehe, "uliniahidi ncha, umeniletea chetezo cha ubani?"

Karakana nzima ililipuka kwa kicheko. Wakajaribu ya pili, na ya tatu. Ubao wa mninga ukapata madoa meusi matatu, na harufu ikafika sokoni. Hija alisimama mlangoni, jembe begani, amejitia huruma usoni.

"Hiyo mashine yako inazunguka vibaya," alisema Bwanausi.

"Inazunguka kulia."

"Na ncha zangu nimezisokota kulia! Zinafuatana. Kosa liko wapi?"

Mwinshehe alichukua ncha moja, akaizungusha polepole kwa vidole mbele ya macho ya Bwanausi. "Tazama mfereji wako unavyokwenda. Ninapozungusha kulia, unashuka. Unayasukuma maranda chini yarudi tunduni yalikotoka. Na makali yamegeuka mgongo. Ikisokotwa kushoto, mfereji unapanda, maranda yanatoka, makali yanatangulia. Kwani nani alikwambia usokote kulia?"

Bwanausi alijisikia uso umewaka kuliko ile ncha.

"Adabu," alisema kwa sauti ndogo. "Nilifuata salamu ya sala. Si twageukia kulia?"

Safari hii Mwinshehe hakucheka. Alimtazama kwa mshangao wa kweli.

"Halafu?"

"Halafu nini?"

"Ukishageukia kulia, Bwanausi, wewe huwa unaondoka? Wa kushoto unamwachia nani amsalimie?"

Kicheko kilichofuata Bwanausi hakukisikia vizuri. Alikusanya ncha zake kwenye kitambaa cheupe, akatoka. Njiani alifikiri kwamba kwa miaka arobaini ametoa salamu pande mbili kila sala, na hakuwahi kuwaza kwamba upande wa pili nao una maana. Alifikiri pia juu ya dua yake ile ndefu, akaona kwamba alikuwa amemwagiza Mola kama mtu anavyoagiza chai, tena mbele ya watu ili waone anavyojuana na mwenye mkahawa. Na yule maskini aliyeisokota ncha ya Mwinshehe, ambaye yeye alitaka kumfundisha adabu! Alijicheka mpaka koo, lililokauka kwa saumu, likamwuma.

Alasiri alisali nyumbani. Alipogeukia kulia alitoa salamu kama siku zote. Alipogeukia kushoto alikaa hapo kidogo, na aliyemwona upande huo alikuwa Sihaba, amechuchumaa kwenye majivu, anapuliza makaa. Kando yake ameweka kile kipande cha mwisho cha springi.

"Wewe ulijua," alisema Bwanausi.

"Mimi nilijua kusuka kamba. Ulisema wewe wajua dini. Njoo ushike, moto unakuja."

"Kisipokubali hiki hakuna kingine."

"Basi sema Bismillahi yako fupi."

Akaisema fupi. Sihaba akabana chini, yeye akasokota juu, kushoto, polepole, na chuma chekundu kikamfuata bila ubishi.

Kesho yake hakuvaa kanzu. Alikwenda karakanani na ncha mfukoni, akiomba kusiwe na watu, na watu walikuwepo wote. Mwinshehe aliifunga ncha bila neno, akatafuta ubao.

"Ngoja," alisema Hija. "Mbao laini zinaweza kumwonea shemeji huruma. Toboa huu." Akautoa mpini wa jembe. "Usipotoboka, jioni tunaondoka. Nitauchoma tundu kwa moto, nitamkabidhi shemeji huko Fukayosi."

Bwanausi alitazama mpini ule, aliokusudiwa kuushika maisha yake yote yaliyobaki. Dua yake safari hii ilikuwa fupi. "Ya Rabi," alisema tu, "na wa kushoto pia."

Mashine ikashuka. Ikanguruma, ikasita, kisha sauti yake ikabadilika, ikawa nzito, na maranda ya kwanza yakachungulia kwenye mfereji, yakapanda yakijikunja, yakadondoka. Yakafuata mengine. Ncha ikatokea upande wa chini bila moshi.

Hija aliupokea mpini, akalichomeka jembe. Mkia uliingia ukakaza barabara. Alilipima mkononi, akalitikisa, akakosa pa kulilaumu.

"Sasa jembe zuri hivi nimemtengenezea nani?" aliuliza.

"Jitengenezee," alisema Bwanausi. "Lina tundu la kiwandani."

Mwinshehe akamwambia alete nyingine kama ile, na asiwasahihishie tena watu ambao hajawaona.

Hija hakurudi Fukayosi kabla ya Idd. Asubuhi ya sikukuu, wakati Bwanausi akiwa bado msikitini, alizikuta zile ncha kumi na mbili kwenye kitambaa chao cheupe, akazitungia nyama ya mbuzi. Ule msokoto ukaishika nyama isizunguke hata kidogo ilipogeuzwa juu ya makaa. Majirani walikula, wakauliza ni vijiti gani hivyo, na kabla ya adhuhuri wenye kuchoma mishikaki sokoni walikuwa wameshatuma mtu kuviulizia.

Kwa hiyo atakayetaka kuandika historia ya Kiwanda cha Bwanausi na aandike ukweli: bidhaa yake ya kwanza kupendwa na watu ilikuwa kijiti cha mishikaki. Bwanausi aliporudi kutoka sala ya Idd, akakuta ncha alizozisomea dua zinachuruzika mafuta, alizihesabu zote kumi na mbili. Kisha akaketi, akapokea mshikaki kwa mkono wa kulia, akamsalimia Hija aliyekuwa kulia kwake, akageuka akamsalimia Sihaba aliyekuwa kushoto, akala.