Maonyo Arobaini na Matatu Yaliyokaa kwa Alfabeti

Saa nne asubuhi, Kidole alikuwa akinyoosha mistari ya meikifaili, faili la maagizo ya kuunda programu, akichapa kwa kidole kimoja kama kawaida yake, onyo la kwanza lilipoingia ofisini na kuuliza kama kile kiti kina mtu.

Kanuni zilikuwa ukutani: kila swichi ya maonyo mstari wake, kwa alfabeti, bila nafasi ya ziada mwishoni. Aliyezibandika ni msimamizi wao, Rula. Swichi zinafanya nini, hiyo haikumkosesha usingizi. Ya mwisho ilikuwa -w, inayoifunga mdomo kompaila, yaani kitafsiri cha programu, isitoe onyo hata ione nini, nayo ilikaa sawasawa mahali pake. Programu yenyewe ilikuwa ya lifti ya jengo jipya, na Jumatatu bibi yake Kidole angehamia huko, ghorofa ya tisa.

Onyo lilikuwa limevaa koti la kijivu. "Mstari wa mia mbili na kumi," lilisema. "Lifti haijaambiwa inaanzia ghorofa gani."

"Pole," Kidole alisema, akalimiminia chai.

Kufikia saa sita yalikuwa arobaini na matatu. Rula akatoka chumbani kwake, uso umemwiva.

"Hii ni ofisi au stendi? Mbona yamekaa shaghalabaghala?"

"Bosi, yanasema lifti..."

"Nimesikia, dada. Yapange kwa alfabeti. Kila moja na kiti chake."

Basi ikawa kazi kweli kweli! Viti viliazimwa kwa fundi cherehani wa jirani. Alasiri mteja akaja, akayapa mkono yote arobaini na matatu, akasema hajapata kuona ofisi nadhifu kama ile, akatia sahihi kuipokea programu. Kidole aliifuta -w mara tatu. Mara tatu Rula akairudisha, tena kwa upole, akimwonyesha pengo linavyoharibu sura ya faili.

Roho ikamuuma Kidole. Akapiga simu.

"Bibi, usipande lifti. Panda ngazi."

"Ghorofa tisa kwa miguu hii? Mjukuu wangu, nimekukosea nini?"

"Nakuletea watu wa kukushika mkono."

Jumatatu maonyo yalimpandisha bibi kwa zamu, mawili yamembebea godoro, naye akicheka na kuyasimulia ujana wake mpaka juu. Onyo moja lilibaki chini kwenye foleni ya lifti, likawaeleza wapangaji kila kitu, mstari kwa mstari. Walilisikiliza kwa heshima.

"Asante sana, mzee wangu," alisema wa mbele, akabonyeza kitufe.