Madereva Sita wa Vyumba Viwili

Barua ya bima ilifika Jumanne, nikaisoma nikiwa bado nimevaa koti. Kusema niliisoma ni kujisifu. Niliangalia bei tu. Bei yenyewe ilikuwa imekaribia kodi ya nyumba yetu hapa Hopkins, Minnesota. Bima ya gari moja, tena Toyota iliyozeeka kuliko ndoa nyingi za kanisani kwetu!

Kupanda kwake hakukunishangaza. Binti yangu Mumbi ana miaka kumi na tisa, nilimwingiza kwenye bima yangu alipopata leseni mwezi wa nane, na kila mzazi hapa anajua kwamba kijana mwenye leseni anakula pesa kuliko kijana mwenye njaa. Kilichonishangaza ni kiasi. Nikampigia Susan, rafiki yangu wa kanisani, ambaye mwanawe ana umri uleule na gari jipya kuliko letu. Analipa hata nusu haifiki.

"Alice," akaniambia, "bei kama hiyo ni ya mtu amegonga. Muulize huyo msichana vizuri."

Mimi sijui kuuliza vizuri. Nilimngoja Mumbi mlangoni.

"Umegonga nini na gari yangu?"

"What?"

"Usiniambie what. Umegonga nini?"

"Mum, sijagonga kitu. I swear."

"Kwa hivyo watu wa insurance wameota?"

Akasema hajui. Nikamwambia kila mwongo huanza kwa sijui. Nikamwambia na mengine ambayo siyaandiki. La mwisho, nikamwambia kwamba Ijumaa ninamtoa kwenye bima, na asiguse usukani wangu tena. Mumbi hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Na Monday?"

Jumatatu ndiyo ilikuwa siku yake ya kwanza kazini, msaidizi wa wauguzi katika hospitali moja kule Maplewood, ng'ambo kabisa ya Saint Paul, zamu ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mafunzo alijilipia mwenyewe kwa kuosha vyombo mkahawani kila wikendi. Kwa basi hangefika kabla ya saa mbili, na wangempa mtu mwingine nafasi hiyo. Nilijua hayo yote. Nikamwambia Jumatatu ni shauri lake.

Siku tatu tukaishi kama wapangaji wasiojuana. Alipika, akanibakizia, akajifungia chumbani. Nilikula chakula chake kwa hasira, na kilikuwa kitamu. Usingizi ulinikataa. Si bei iliyonikesha. Ilikuwa ni kufikiri kwamba nimelea mtoto anayeweza kunitazama machoni na kunidanganya. Hilo liliniuma kuliko barua kumi.

Susan alinielekeza kwa Uwineza, mwanamke kutoka Kongo mwenye ofisi ndogo ya bima kule mtaa wa Phillips, mlango wa pili kutoka kwa kinyozi. Ijumaa tukaenda. Ilibidi Mumbi naye aje, maana ili atolewe alihitaji kutia saini.

Uwineza akavaa miwani, akaichukua barua, akafanya jambo ambalo mimi sikuwa nimelifanya: akafungua ukurasa wa pili.

"Maman, nyumba yenu iko na vyumba ngapi?"

"Viwili."

"Na bano bantu sita banalalaka wapi?"

"Watu gani sita?"

Akasoma kwa kidole. "Alice. Mumbi. Ken. Wanjala. Kamau. Janvier. Bote beko na permis ya gari, bote adresse ni ya kwako. Na bale bavulana bane, hakuna mwenye alifikisha miaka makumi mbili na tano. Donc, kampuni inakulipisha bijana batano."

Hao wanne ni vijana wangu ambao sikuwazaa. Kijana akitua Minnesota na hana pa kulala, mchungaji hunipigia mimi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi siku ya tatu humpa anwani, kwa sababu leseni inataka anwani, na kazi nyingi za huku zinataka leseni. Kila mmoja alilala kwenye kochi langu mwezi mmoja au miwili, akapata kazi, akahama. Anwani yangu ikabaki kwenye leseni yake.

"Lakini hawaishi kwangu!" nikasema. "Kamau yuko Texas!"

"Hapa banaandika kama balikupigia simu mwezi wa ine. Ukakubali."

Mwezi wa nne. Nikakumbuka. Mtu alinipigia nikiwa kazini, kwa Kiingereza cha ofisini, akaniuliza jina moja moja: huyu anaishi kwako? Na huyu? Alikotoka sikukusikia vizuri. Nilichosikia ni kwamba kuna mtu anawatafuta vijana wangu. Sasa mtu akiwatafuta vijana wako kwa sauti ile, utawakana? Nilimjibu kifua mbele kwamba wote ni watoto wangu, wote wanaishi hapa, na wote ni watu wa heshima. Akanishukuru sana.

"Na accident?" nikauliza, sauti imepungua. "Hakuna accident?"

"Iko. Mbili."

Mumbi akainua kichwa.

"Zote ni za Ken," Uwineza akasema.

Mtoto wangu hakunidanganya! Nilihisi kama mtu aliyevuliwa viatu vinavyobana. Bei ingebaki vilevile, bado ningetoka pale nikiimba.

Uwineza akaipigia kampuni. Wakataka ushahidi kwamba kila kijana anaishi kwingine, nami nikawatumia wote wanne ujumbe. Haikupita nusu saa. Janvier alituma picha ya leseni mpya kutoka Fargo, Kamau mkataba wa nyumba yake, Wanjala karatasi za bima yake akiwa ndani ya lori. Ken alituma za kwake na kuomba msamaha mara tatu bila kujua anaombea nini. Uwineza akazipeleka zote, akasikiliza simu akiitikia "oui, oui" kwa mtu ambaye sidhani alijua Kifaransa, kisha akatugeuzia kompyuta. Bei mpya haikufika hata theluthi ya ile ya barua. Bado ni ghali, maana miaka kumi na tisa ni miaka kumi na tisa, lakini tungeiweza. Mumbi angeenda kazini Jumatatu.

"Inabakia kitu kimoja kidogo," Uwineza akasema. "Iko ticket. Vitesse. Maili makumi munane na moja, pahali pa makumi sita. Mwezi wa pili."

Kwa mazoea nikamgeukia Mumbi.

"February sikuwa na license, mum," akasema polepole.

Nyani haoni kundule. Faini ile niliilipa kimya kimya na karatasi yake nikaichanachana, binti yangu asije akaiona.

"Nilikuwa nachelewa zamu," nikasema.

"Eighty-one, mum?"

Kwetu mzazi haombi msamaha. Hununua soda, akaiweka mezani, mambo yakaisha. Pale sikuwa na soda.

"Nisamehe, Mumbi. Nilikuita mwongo, na mwenye kuficha ni mimi."

Akamgeukia Uwineza. "Auntie, unaweza kumtoa huyu kwa insurance yangu? Ako high risk."

Uwineza alicheka mpaka akavua miwani. Mimi nilicheka huku nalia, na Mumbi akaniletea karatasi za kufutia macho kutoka mezani kwa Uwineza bila kuomba ruhusa.

Kurudi aliendesha yeye. Kwenye barabara kuu ya maili hamsini na tano alikwenda hamsini na tano kamili. Malori yakatupita, basi la shule likatupita, na bibi mmoja mwenye mvi akatupita akitutazama kwa huruma. Mguu wangu wa kulia ulikuwa unakanyaga sakafu wenyewe. Nilitaka sana kumwambia aongeze kidogo. Nilifunga mdomo mpaka Hopkins.