Ua Usioshika Leso

Kila Januari, mahindi yakishavunwa na jua la Kitale likianza kupasua mbao, Wangila alikuwa akipaka ua wake wa mbao oili chafu ya gereji, ili mchwa wasiule. Na kila Januari mkewe Phelista alinuna, maana leso zake alizianika juu ya mbao hizo hizo, zikaingia doa jeusi lisilotoka kwa sabuni yoyote. Wangila alimjibu kwamba mchwa hawajali leso za mtu. Kichwa chake kilikuwa kigumu, tuseme ukweli.

Mwaka juzi binti yao Lorna akajifungua pacha kule Kanduyi, Bungoma, na Phelista akaenda kumsaidia miezi mitatu. Pacha sasa wanakimbia. Phelista huja Krismasi, akakaa siku tatu, akarudi kwa wajukuu. Hakuna aliyegombana na mwenzake. Ni kwamba kila Wangila akiuliza atarudi lini, huambiwa mtoto mmoja ana homa, naye huona haya kumbembeleza mke wake mwenyewe arudi nyumbani. Upweke ulimla, lakini hakumwambia mtu.

Mwaka huu hakupita gereji. Aling'oa mbao zote zilizolowa oili, akapigilia mpya za saiprasi, akazipaka vanishi inayozuia jua na mvua na inayokauka kabisa. Alipaka mara mbili, ubao kwa ubao, akijisemesha, mabega yakiwaka moto. Siku ya tatu alipitisha kitambaa cheupe juu ya ua mzima. Kilitoka cheupe. Wangila akacheka peke yake pale nje, kisha akapiga simu.

"Mama Lorna, fensi imekauka," alisema. "Sasa unaweza kuanika leso zako hapo. Haishiki kitu."

Alikuwa amejipanga kusema pia, "Njoo basi," lakini akaishia hapo.

Pacha walikuwa wakipiga kelele nyuma ya Phelista. Alipojibu alijibu kwa upole, bila hila yoyote.

"Hiyo ni vizuri sana, Baba Lorna. Lakini leso zangu si ziko huku zote?"

Wangila alisema ni kweli, akamwomba awasalimie watoto. Halafu aliingia chumbani akafungua kabati, upande wa mkewe. Hapakuwa hata na kitambaa cha kichwa. Miaka miwili alikuwa amelala kando ya kabati lile, na hakuwahi kulifungua.