Wagonjwa Wasiorudi kwa Daktari Mbelwa

Kikao cha madaktari kilimchefua Daktari Mbelwa. Waliyemjadili alikuwa mgonjwa wake, Mzee Hiza, mwenye moyo dhaifu na mshipa mkubwa wa nyonga uliotuna hadi kukaribia kupasuka. Nusu ya kikao ikataka atibiwe na Daktari Nuruana, binti aliyefundishwa kushika kisu na Mbelwa huyu huyu. Siku hizi Nuruana hafungui tumbo. Hutoboa tundu dogo kwenye kinena, akapenyeza mrija wa kitambaa na waya ndani ya mshipa, damu ikapita humo na uvimbe ukaachwa bila kazi. Manesi humsifu mpaka Mbelwa anakosa hamu ya chai. "Wagonjwa wake kila siku wako kliniki," alikiambia kikao, kama kawaida yake. "Wangu nikishawashona, hawarudi." Kwa kuwa mgonjwa ni wake, wakamwachia uamuzi, naye akaazimia kumpasua tumbo mwenyewe. Akaenda kujilaza na wivu wake kwenye kochi la ofisini, na usingizi ukampitia.

Akajiona katika nchi yenye mito myekundu, na kila mto ulikuwa na mahali ambapo kingo zilituna na kuwa nyembamba. Akapokewa na bwana mmoja mkondefu, mwenye macho yasiyotulia. "Karibu, kaka. Naitwa Kijicho. Tumeishi nyumba moja miaka mingi, leo ndiyo kwanza unanitazama usoni." Mbelwa akampenda papo hapo. Kijicho akampeleka kwenye benchi refu walipoketi wagonjwa wa Nuruana. Mmoja mrija wake ulivuja, ikabidi aongezewe mwingine. Wa pili uliziba, mguu ukapoa. Wa tatu tawi la mshipa wake lilifungwa ili mrija ukae vizuri, na sasa kila akitembea tako linamuuma. Mbelwa alizisikiliza shida za watu hao kwa raha tupu, hata akaona haya kidogo.

"Na hao wengine huwaoni?" akauliza mama mmoja mnene aliyekuwa akimenya karanga mwisho wa benchi. "Mimi ni Ukweli. Usihangaike kuniamkia, hujawahi." Mbelwa akageuka, akaona benchi linaendelea mbali sana, limejaa watu wenye afya zao wanaopiga soga. "Hawa wanarudi kwa sababu wanaitwa," Ukweli akasema. "Mrija hupigwa picha mwaka hadi mwaka, maisha yote. Ukivuja huonekana, ukarekebishwa. Wengi huambiwa wako salama, wakaenda zao. Haya, twende tukawaone wako wasiorudi."

Wakafika kwenye shamba. Watu wenye makovu marefu tumboni walikuwa wakilima, wakampungia mkono, na Mbelwa akavimba kichwa. "Hawa uliwaponya kweli, sikunyimi haki yako," Ukweli akasema, lakini hakusimama. Nyuma ya shamba palikuwa na nyasi ndefu na kimya kizito. Waliokaa humo walimpa mgongo. Akamtambua Bi Namkunda, ambaye figo zake ziligoma baada ya upasuaji, na fundi Seuri, ambaye moyo wake ulisimama akiwa mezani. Alikuwa amewasahau. "Nao pia hawakurudi," Ukweli akasema taratibu. "Umekuwa ukijisifia wote kwa mkupuo mmoja." Mbelwa akamtafuta Kijicho amtetee, akamkuta anatandika mkeka kando ya Bi Namkunda, mkeka wa mtu mmoja. Hakuhitaji kuuliza ni wa nani.

Akazinduka shati limelowa jasho. Akaelewa kwamba kwa kutaka kumshinda mwanafunzi wake alikuwa tayari kumlaza Mzee Hiza kwenye zile nyasi. Wivu haukuondoka na usingizi. Ulishuka naye ngazi, ukasimama naye mlangoni kwa Nuruana.

"Mchukue Mzee Hiza," akasema. "Moyo wake hautauweza mkono wangu."

Nuruana akainuka kitini. "Mwalimu, utasimama nami mezani? Mshipa ukipasuka katikati ya kazi, hapa hakuna wa kufungua tumbo kama wewe."

"Nitasimama."

"Ahsante sana, Mwalimu, yaani sijui niseme..."

"Usiseme. Na kesho mzee akitoka salama, usinishukuru mbele ya manesi. Hilo bado siliwezi."