Tarumbeta la Mama Kimya

Mtaani wananiita Mama Kimya, na sijakataa. Kazi yangu mahakamani, mpaka nilipostaafu, ilikuwa kunyamazisha watu. Hakimu akikaribia mlango, mimi nasimama, nainua mkono, natoa sauti: "Kimya!" Wakili anameza neno lake, mshtakiwa anameza mate, na hata mtoto mgongoni mwa mama yake anasahau kulia. Wakishatulia, wengine ndio wanaongea. Mimi narudi kwenye kiti changu cha mbao kando ya mlango. Miaka nenda rudi nawafyekea watu njia ya kusema, na mwenyewe sijasema kitu.

Nikastaafu. Kifungua mimba wangu akaja na habari, akinipa kama zawadi: nihamie kwake, chumba kipo, wajukuu wapo, nipumzike. Kupumzika huko, nilivyomsikiliza vizuri, kulianza na kuogesha watoto asubuhi na kuishia na kuanua nguo jioni. Nikamwambia nitafikiri. Kufikiri kwenyewe nikakufanyia kwa kinyozi.

Kinyozi wa pale kona ndiye kiongozi wa bendi ya matarumbeta inayopiga kwenye maharusi. Nilikuwa nikiwasikia wakifanya mazoezi nyuma ya duka lake, na miguu inagoma kuondoka. Siku moja nikaingia, nikamwambia sikuja kunyoa. Alicheka mpaka akashikilia kiti. Nikamngoja amalize, maana kungoja ndiyo fani yangu, kisha nikamwuliza tunaanza lini.

Basi nikajifunza mbele ya vioo vyake, mashavu yamevimba, midomo inawaka. Majirani wakanisema. Utu uzima dawa, walisema, ila huyu wetu dawa imepita muda wake. Waseme. Sikuwa nimepata furaha ya namna ile tangu nilipokuwa msichana.

Kilichonishinda hakikuwa pumzi. Ni kuingia. Wenzangu wakianza kupiga, mimi nangoja watulie. Siku ya kwanza kupiga na bendi nzima nilishusha tarumbeta, nikainua mkono, nikasema "Kimya!" Wote wakaacha kupiga, na mpiga ngoma akasimama wima kama anasomewa mashtaka. Kinyozi akanisogelea taratibu.

"Mama, hapa hatungoji kimya. Ingia humo humo kwenye kelele."

Nikasema nimeelewa, na kesho yake nikarudia kosa lile lile. Mwishowe akaniambia bila kunizunguka: Jumamosi kuna harusi, na nikiwa bado siwezi kuingia na wenzangu, nibaki nyumbani.

Ijumaa habari zikamfikia kifungua mimba. Akaitisha kikao cha familia sebuleni kwangu, wala hakuniuliza. Alikuja na mdogo wake wa kike, pamoja na shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, ambaye akivaa koti hujiona ndiye mwenye ukoo. Tarumbeta aliloniazima kinyozi wakaliweka mezani kama kielelezo cha kesi. Nami mwenye nyumba wakanikalisha kando ya mlango.

Shemeji akaanza, kwamba jina la kaka yake linaburutwa barabarani. Binti yangu akasema afadhali mama anayepuliza kuliko mama anayekaa kuwinda mbu. Kaka yake akamwambia afunge mdomo. Wakapandishiana sauti. Alichotaka mwanangu kilikuwa wazi: tarumbeta lirudi kwa kinyozi leo, na kesho asubuhi gari lije kubeba virago vyangu. Roho iliniuma, sifichi. Nilijua nikikubali, nitazeekea kwenye kiti kile kile cha kando ya mlango, tofauti ni nyumba tu.

Wote walikuwa wakisema kwa pamoja. Nikangoja watulie ili nijitetee. Nikangoja weee. Halafu nikashtuka: nangoja nini?

Nikainuka, nikachukua tarumbeta langu pale mezani. Kifungua mimba akanyanyua mkono, kiganja mbele, vile vile nilivyokuwa nikinyanyua mimi. Aliniona kazini tangu mdogo, na mtoto wa nyoka ni nyoka.

"Kimya!" akasema. "Mama, subiri watu watulie kwanza, utapewa nafasi."

"Hapa hatungoji kimya, baba," nikamwambia.

Nikaingia humo humo. Shemeji anabwata, binti yangu anacheka, na mimi napiga. Noti ya tatu ilinitoka vibaya, ikalia kama mbuzi aliyekanyagwa mguu, wala sikurudi nyuma kuitafuta. Niliupiga wimbo wa bibi harusi, ule wa mazoezi, mpaka mwisho. Nilipomaliza, shemeji alikuwa bado yuko kwenye jina la kaka yake, na mwanangu bado amesimama, mkono juu, anangoja kimya.

Nikavuta pumzi, nikaanza tena mwanzo.