Pua Akinyamaza

Kiwandani kwetu naitwa Pua. Si kwa sababu yangu ni kubwa, ingawa wapo waliosema hivyo wakajuta. Naitwa Pua kwa sababu ndiyo kazi yangu. Sisi tunachambua taka: lori linamwaga, mkanda wa mpira unazipandisha bandani, nasi wanawake kumi na mmoja tunasimama kandokando, huyu anatoa chupa, huyu makopo, huyu makaratasi. Mimi nasimama mwanzoni kabisa, mkono karibu na kamba nyekundu. Mfuko ukija na harufu ya asidi ya betri, au gesi, au dawa ya panya, navuta kamba, mkanda unasimama, watu wanarudi nyuma. Miaka tisa nimefanya hivyo. Hakuna mtambo wa kunusa sumu ulionishinda, na kwanza mtambo wenyewe hawajaununua.

Ukutani wameandika kwa herufi nyekundu: USALAMA KWANZA. Chini ya maandishi hayo, msimamizi wetu hutugawia barakoa moja kwa mwezi. Tunamwita Fulana, maana ile fulana yake ya kung'aa huivaa hata harusini. Barakoa hiyo tunaifua mpaka inakuwa chujio la chai, na mle bandani joto lake linaweza kuivisha yai. Basi ikazuka desturi ambayo huikuti imeandikwa popote: Pua akinyamaza, barakoa inakaa shingoni. Watu wanachambua na kupiga soga, jicho moja kwangu. Nikikunja uso tu, barakoa kumi zinapanda kwa pamoja.

Miezi minne iliyopita mfuko mmoja ulipasuka mbele yangu. Mtu, Mungu anamjua, alikuwa ametupa unga wa kusafishia bwawa la kuogelea pamoja na dawa ya chooni, vikachanganyika. Moshi ukanipanda usoni. Nilivuta kamba, nikakohoa siku mbili, nikanywa maziwa kama walivyonishauri wajuzi wa kila kitu, nikarudi kazini. Siku ya tatu nilikata kitunguu nikaona hakinuki. Nikanusa mafuta ya taa. Nikanusa viatu vyangu vya kazi, ambavyo jirani aliwahi kuniomba kwa heshima nivihamishie upande wa pili wa nyumba. Wapi!

Kitunguu ningekivumilia. Lakini kulikuwa na shati.

Mume wangu alikuwa mtu wa mashine ya kubana makaratasi, banda la pili. Vumbi la karatasi lilimkaa kifuani miaka kumi na minne, mwisho likamchukua. Huu ni mwaka wa tatu. Kila jioni alisugua mikono kwa nusu limau ili kutoa grisi, kisha akajifutia shatini, nami nikagomba. Leo ningempa mashati yote ya dunia ajifutie. Lile la mwisho sikulifua. Nililitia kwenye mfuko mzito wa plastiki, ule unaofungwa kwa kubana mdomo wake, na kila Jumapili asubuhi nilifungua kidogo, nikaingiza pua, nikavuta mara moja, nikafunga. Mara moja tu. Nilikuwa bahili nalo kupita kiasi. Alikuwamo humo: grisi, limau, na kitu kingine kisicho na jina ambacho kilikuwa yeye mwenyewe.

Jumapili ya kwanza baada ya ule moshi nilifungua mfuko, nikavuta. Nikavuta tena. Nikalitoa shati lote nikajifunika nalo uso. Kitambaa tu. Siku ile nililia kuliko siku ya mazishi, maana siku ya mazishi nilijua shati ninalo.

Mtaniuliza kwa nini sikusema kazini. Pua asiyenusa ni nani? Ni mwanamke wa miaka hamsini na miwili mwenye mgongo mbovu, wa kupewa ufagio. Na kila siku nilijiambia kesho itarudi. Nilimngoja mume wangu arudi puani mwangu, na katika kungoja huko nikawaacha wenzangu kumi na barakoa shingoni. Nilijifunza kutazama badala ya kunusa. Nilisoma lebo, nikachungulia rangi ya majimaji yanayovuja, nikakunja uso mara mbili kwa siku ili wasinishuku. Lakini njia ya mwongo ni fupi.

Anayenifuata mkandani ni wifi yangu, dada wa marehemu, mwanamke ambaye mdomo wake haulali. Kaka yake alipofariki aliniomba kitu kimoja tu cha kumkumbukia, hata shati. Nilimwambia nguo zote zimeshagawiwa. Nilimwambia hivyo huku namtazama machoni.

Jumatatu, saa nne asubuhi, ulipita mfuko mweusi uliofungwa vizuri. Sikuona lebo, sikuona majimaji, nikaupisha. Wifi akaupasua na kuinama, huku anatuhadithia habari za jirani yake aliyenunua jogoo akitegemea atage. Kisa hakikufika mwisho. Nilimwona ameshika koo, macho yanachuruzika, magoti yanalegea. Ndani ya mfuko mlikuwa na dumu la dawa ya kuulia wadudu wa shambani, limepasuka. Kamba niliivuta yeye akiwa tayari chini.

Tulimtoa nje, tukamvua nguo za kazi, tukammwagia maji, gari likamkimbiza zahanati. Wenzangu wakanigeukia.

"Pua, vipi leo?"

Fulana akawahi kujibu. "Dawa nyingine hazina harufu, jamani. Ni bahati mbaya tu. Turudi kazini." Hakutaka kuandika ripoti.

Nami nikadakia, "Haikuwa na harufu."

Dereva wa lori, aliyekuwa amesimama kule getini, alikuwa bado ameziba pua kwa kola ya shati.

Kesho yake nilisimama mahali pangu. Mkanda ukaanza kwenda. Soga zikaanza, kwa sauti ya chini, na barakoa, mkiamini msiamini, zilikuwa shingoni. Walikuwa bado wananiamini. Hilo ndilo lililonichoma. Nikavuta kamba, na barakoa tisa zikapanda kwa pamoja.

"Nini, Pua? Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Au kipo, sijui," nikasema. "Mimi sinusi. Mwezi wa nne huu sinusi chochote. Vaeni barakoa zenu na msizivue, hata mkiniona nacheka."

Mama wa makopo, ambaye tumekula naye sahani moja miaka tisa, hakunitazama usoni. "Miezi minne, Pua? Na wifi yako yuko kitandani?"

Fulana alinipa ufagio. Wale tisa walikataa kuruhusu mkanda uwashwe mpaka zije barakoa mpya, na saa nane zikaja, kumbe zilikuwa stoo kwa muda wote huo.

Alasiri nilipita nyumbani nikachukua ule mfuko wa shati, nikaenda kwa wifi, ambaye zahanati ilikuwa imemruhusu arudi nyumbani. Nilimkuta ameketi kitandani, macho mekundu, sauti imekwaruza.

"Karibu, Pua," akasema. "Jogoo bado hajataga."

Nilitamani anitukane. Nikakaa ukingoni mwa kitanda nikamweleza yote: moshi, kitunguu, miezi minne.

"Ulijua," akasema. "Ukaniacha niiname."

"Nilijua."

"Daktari anasema kifua kitapona. Lakini tangu jana hata chai haininukii." Akanikazia macho. "Nikuambie nini sasa, wifi?"

Kwamba nimemwangusha nilikuwa nimekwisha kulijua. Hili la pua sikuwa nimeliwaza.

"Usiniambie kitu," nikasema. "Nusa hiki."

Nikamwekea mfuko mapajani. Aliufungua, akaona kola, akaona kifungo cheupe kati ya vifungo vya buluu, kifungo alichokishona yeye mwenyewe. Mkono wake ukasimama.

"Ulisema zimegawiwa."

"Nilikudanganya. Nusa, wifi, nakuomba."

Aliliinua shati, akavuta. Uso wake haukubadilika. Niliomba kimyakimya, mimi ambaye nilikuwa nimegombana na Mungu tangu mazishi. Akavuta tena, safari hii taratibu, amefumba macho.

"Limau," akasema. "Wifi, limau. Na grisi."

"Na kile kingine?" Nilikuwa nimemshika goti. "Kipo?"

"Kipo." Akalia ndani ya shati, na sauti yake ikatoka imefunikwa. "Yumo. Kaka yangu yumo humu."

Nilifurahi kwamba pua yake ilikuwa salama, namshukuru Mungu, nilifurahi. Na papo hapo nikamwonea wivu, wivu mchungu, kwa sababu mume wangu alikuwa mbele yangu, karibu kuliko hatua moja, na mimi simfikii. Nilimtamani hadi mbavu zikaniuma. Wifi alipoinua uso alininyooshea shati, kwa mazoea tu, kisha akakumbuka, mkono ukabaki hewani. Niliuchukua mfuko, nikalikunja shati humo ndani, nikabana mdomo wake kwa vidole viwili, kuanzia kona hii hadi kona ile, kama nilivyozoea. Nikamrudishia mapajani.

"Lako hili," akasema.

"Kwangu ni kitambaa. Kaa naye wewe."

Sikungoja anisamehe, wala hakusema kama atanisamehe. Nilivaa viatu mlangoni, kisha nikageuka.

"Jumapili tu, wifi. Vuta mara moja, ufunge. Ukifungua ovyo, ataisha."