Mchungaji wa Koni

Kwenye maegesho ya lile duka kubwa walimwita Mchungaji wa Koni, na yeye hakukasirika. Uchungaji hakuwa nao. Alikuwa kiongozi tu wa kikundi cha kujifunza Biblia, majirani waliokutana sebuleni kwake kila Alhamisi jioni. Koni nazo, zile za plastiki za kuzuia magari, hazikuwa zake. Alipewa pamoja na firimbi na kizibao cha njano, kwa ule msimu wa mwisho wa mwaka ambapo watu hununua vitu kama wameambiwa dunia inafungwa kesho. Msimu ukiisha, kizibao kirudi, naye arudi kwake.

Siku ya kwanza msimamizi alimweka kando. "Mzee, tazama matairi. Uso usiutazame. Ukimtazama mtu usoni atakuomba, na ukimhurumia mmoja foleni yote inakwama."

Ilimtesa mwanzoni. Mtu aliyezoea kumaliza somo kwa kuwaambia watu watazamane usoni kabla ya kutawanyika, leo anaongea na matairi! Lakini kazi ni kazi, na kwa umri ule nani mwingine angemwajiri? Akazoea. Tena alizoea upesi mno, ukiniuliza mimi.

Lililomnyima usingizi lilikuwa jingine kabisa. Miaka ya nyuma binti yake alikuja kwenye somo na mimba ambayo hakutaka kusema ni ya nani. Baba akafunga Biblia, akamwonyesha mlango mbele ya watu wote. "Hapa si mahali pako. Toka." Binti akatoka na viatu mkononi, asirudi tena. Aibu ya siku ile ilikuwa ya nani, jamani? Mzee alijua ni yake, na ilimla ndani kwa ndani.

Mwaka huu akapiga moyo konde. Akamtuma dada yake, shangazi wa binti: mwambie aje Alhamisi, aje na mtoto. Nilimfukuza mbele ya watu, nitamwomba radhi mbele ya watu haohao. Shangazi akarudi na jibu fupi. "Amesikia. Usimharakishe."

Alhamisi ikafika, na mwenzake wa zamu ya jioni akaugua. "Mchungaji, leo unaunganisha zamu," msimamizi alisema. "Hutaki, vua kizibao." Mzee akakumbuka alivyosota bila kazi. Akajiambia hatakuja leo, ameambiwa juzi tu. Akampigia jirani yake fundi cherehani, mama aliyekuwa msaidizi wake kwenye kikundi. "Ongoza wewe. Akija mwanangu, mkalishe mpaka nirudi."

Giza likaingia na mvua. Weee, magari! Honi mbele, honi nyuma, kila dereva anajiona ndiye mwenye haraka peke yake. Maegesho yakajaa pomoni, ikabaki nafasi moja yenye koni, nafasi ya meneja. Hapo ikaja teksi, mlango wake wa nyuma umefungwa kwa kamba. Mzee akainama, akaona matairi, akaona kamba, akapuliza firimbi.

"Pamejaa! Songa, songa!"

Dereva akashusha kioo. "Mzee wangu, dakika mbili tu. Abiria wangu anamtafuta mtu hapa."

"Kila mtu anamtafuta mtu! Ondoa gari!"

"Ana mtoto mdogo, mzee."

"Hata angekuwa na kumi! Hapa si mahali pako. Toka!" Akalipiga boneti kwa kiganja. Teksi ikarudi nyuma, ikaondoka. Foleni ikasogea, na kutoka mbali msimamizi akamwinulia dole gumba.

Alifika nyumbani amelowa chapachapa. Wanakikundi walishaondoka, amebaki fundi peke yake. Alipomwona mzee alisimama, akachungulia nyuma ya bega lake.

"Wako wapi?"

"Akina nani?"

"Mwanao na mjukuu wako! Walikuja, baba. Nikamwambia kaa usubiri, akasema akikaa ataingiwa na woga, bora akufuate hukohuko kazini. Teksi ilikuwa inamngoja nje, ile yenye kamba mlangoni."

Mzee akaketi na kizibao chake kinachodondosha maji. Simu ikaita. Ni dada yake.

"Kaka, ulimwitia nini?" Nyuma ya sauti yake kulisikika mtoto akilia, na mtu mzima akilia. "Anasema umemfukuza tena. Kwa maneno yaleyale."

"Dada, sikumwona."

"Yeye alikuona. Alikuwa nyuma ya dereva anakupungia mkono. Anasema uliinama ukawatazama, halafu ukapuliza firimbi."

"Nilikuwa natazama matairi."

"Matairi," shangazi alisema, na simu ikakatika.